Safari ya gari msitu wa Amani: msitu mzuri, dereva hapana

Nina hasira bado, na naandika hivyo hivyo. Mama yangu magoti yanamsumbua, kupanda milima kwa miguu hawezi. Kwa hiyo tulipoona kuna watu wanakupandisha kwa gari kutoka Muheza mpaka Amani, uone msitu wa Usambara ukiwa umekaa kitini, tukalipa bila kubembelezwa.

Mpaka geti la Zigi sina neno. Pale ipo nyumba ya stesheni tangu enzi za Wajerumani, reli yao ilikuwa inaishia hapo. Hatukushuka. Ukivuka geti barabara inaanza kujikunja, kona juu ya kona, miti imefunga juu, mto unaunguruma bondeni. Hapo ndipo pa kwenda mdogo mdogo. Dereva wetu akakanyaga mafuta kama anafukuzia abiria Segera.

Mama akawaona mbega kwenye tawi, mikia myeupe inaning'inia karibu kabisa na barabara. "Mwanangu, hebu simama kidogo tuwaone." Jibu lake, bila hata kugeuka: "Bi mkubwa, nyani hata Tanga mjini wapo. Mmelipia kupandishwa, kusimamasimama hakumo." Mama akanyamaza. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anajibiwa vile!

Mbele kidogo gari likachemsha. Akafungua boneti, akachukua chupa ya mama ya maji ya kunywa, akaimimina yote kwenye rejeta. Hakuomba. Na mto Zigi, huohuo unaonywesha jiji la Tanga, anausikia pale chini!

Sasa niseme ukweli: muda ule gari limezimwa ndio tulioufaidi. Hondohondo wakapita juu, mbawa zao unazisikia. Kwenye mwamba wenye unyevu mama akaona viua vya zambarau, majani yake mazito yenye manyoya. Ndiyo yale Mjerumani Saint Paul-Illaire aliyapeleka kwao miaka ya 1890, leo Wazungu wanayaotesha kwenye vikopo madirishani. Mama aliyainamia akasahau mpaka magoti. Kwa dakika zile ningesema pesa yetu imerudi.

Haikurudi. Huko juu kwenye bustani ya mimea, ya tangu 1902, tulipewa muda wa kwenda msalani tu, halafu honi. Mashamba ya chai tumeyaonea dirishani.

Amani nendeni, nasisitiza. Ila tafuteni gari lenu, mkifika Zigi mchukue mwongozaji wa palepale. Nilitaka kuwapa hawa nyota tatu kwa ajili ya msitu, lakini msitu si wao. Nawapa moja, na hiyo nayo naitoa kwa shingo upande. Ofisini kwao nimepiga simu zaidi ya mara moja, wanasema dereva "ndivyo alivyo". Basi wamwambie ampigie mama amwombe radhi, namba wanayo.