Soksi ya goti au mbeleko ya kiuno: kipi kinamfaa mbwa anayechechemea?

Mbwa akianza kuchechemea mguu wa nyuma, wengi huingia mtandaoni kuagiza soksi ya goti: ile nyeusi ya neoprini (mpira laini unaonyumbuka), yenye mikanda ya velkro na ukanda mrefu unaopita mgongoni ili isidondoke. Kando yake huuzwa mbeleko ya kunyanyulia kiuno, yaani mkanda mpana wenye vishikio unaopitishwa chini ya kinena, ambayo wengi huipita bila kuitazama. Tathmini yetu ni kinyume cha mazoea hayo. Mbeleko ni ya kununua. Soksi isubiri kauli ya daktari wa wanyama.

Jeraha ambalo wauzaji wa soksi hulitaja zaidi ni kukatika kwa kano ya mbele ndani ya goti, na kweli hilo ni miongoni mwa sababu kuu za mbwa kuchechemea mguu wa nyuma. Kazi ya kano hiyo ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele mbwa anapokanyaga. Ikikatika, muundi husukumwa mbele kila hatua, goti huvimba, na gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) huanza kulika. Kitambaa laini hakina nguvu ya kuzuia msukumo huo, hata ukikikaza namna gani. Tena umbo la paja lenyewe linakikataa: ni pana juu na jembamba chini kama faneli, kwa hiyo chochote unachokifunga hapo huteremka.

Na hapo ndipo madhara huanza. Mwenye mbwa akiona soksi inashuka, hukaza mkanda wa chini. Damu inashindwa kurudi juu, mguu unavimba chini ya mkanda, na kucha mbili za katikati zinaanza kuachana. Linganisha na mguu wa pili: zikiwa zimeachana zaidi, au vidole vimekuwa baridi, fungua papo hapo. Neoprini pia haipitishi hewa. Ikilowa na kuachwa usiku kucha, ngozi ya ndani ya paja hulainika, hunyonyoka manyoya na kufanya kidonda. Anayeivalisha aanze na nusu saa, aivue na kuikagua ngozi, kisha aongeze muda kidogo kidogo. Wakati wa kulala ivuliwe.

Ina faida zake, hatukatai. Mbwa mzee mwenye yabisi ya viungo anaweza kupata nafuu kwa lile joto. Toleo la kifundo, cha mbele au cha nyuma, hukaa vizuri zaidi kwa sababu mguu hapo umenyooka na hauna nyama nyingi. Kifaa kigumu cha plastiki chenye bawaba, kinachotengenezwa kwa kuchukua umbo la mguu wa mbwa husika, ni kitu kingine kabisa. Usikichanganye na soksi. Ukinunua, pima mzunguko wa mguu mbwa akiwa amesimama na kukanyaga miguu yote. Akilala misuli hulegea na vipimo hudanganya.

Kabla ya kununua chochote, mtazame anavyotembea na anavyokaa. Anayekaa huku goti moja amelitupa nje, na akisimama anagusa ardhi kwa ncha za vidole tu, mshuku kwa kano. Anayeruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu kisha akaendelea kama hakuna kitu, hasa akiwa mbwa mdogo, huenda kile kifupa cha mbele ya goti kinateguka na kurudi. Kichwa kikipanda kila anapokanyaga mguu fulani wa mbele, maumivu yako kwenye mguu huo, na soksi ya goti haihusiki hata kidogo.

Paka ni mgumu zaidi kumsoma. Mara nyingi huacha tu kuruka juu ya kiti bila kuchechemea. Akipooza ghafla miguu ya nyuma, ikawa baridi na nyayo zimepauka, inawezekana damu imeganda na kuziba mshipa. Mpeleke kwa daktari dakika hiyo hiyo.

Sasa mbeleko. Nzuri ina upana wa kiganja au zaidi, bitana laini, na vishikio viwili vinavyorefushwa mpaka mnyanyuaji asimame wima. Ipitishe chini ya kinena, mbele kidogo tu ya mapaja. Ikisogea katikati ya tumbo humbana kibofu na kumsumbua kupumua. Kwa dume chagua yenye uwazi, la sivyo atakojoa ndani yake na ngozi itaungua. Nyanyua kiasi cha kumpunguzia uzito tu. Vidole viendelee kugusa ardhi ili misuli isisinyae. Kwenye ngazi na sakafu inayoteleza ndipo utaiona thamani yake. Kasoro tunayoiona kwa nyingi ni bizimu za plastiki nyembamba. Kwa mbwa mzito tafuta ya chuma, na ukague mshono wa vishikio kila ukiifua.

Mguu uliovunjika hauhitaji hiki wala kile. Dalili ni kuning'inia kwa pembe isiyo ya kawaida, kutokanyaga kabisa, au mfupa kutoka nje. Usifunge banzi kwenye paja au mkono wa juu: banzi lisiloshika kiungo cha juu na cha chini huongeza uzito mahali palipovunjika na kuvuruga vipande. Funika kidonda kwa kitambaa safi, mlaze juu ya ubao au blanketi lililokazwa, mfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Paracetamol huua paka hata kwa kiasi kidogo, na ibuprofen huweza kuharibu tumbo na figo za mbwa.