Kupima kiwango cha dawa katika kliniki ya figo ya watoto: maoni ya mzazi

Mwanangu ana miaka saba na uzito wa kilo 21, na anatumia takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ya mwili, kwa sababu ugonjwa wake wa nefrotiki, unaofanya figo zivujishe protini kwenye mkojo, haukusikia prednisoloni, dawa ya steroidi. Kwa miezi kumi na moja tumehudhuria kliniki moja ya figo ya watoto hapa Dar es Salaam, ambako hupimwa kiwango cha dawa hiyo katika damu na kurekebishiwa dozi kulingana na majibu, na ni huduma hiyo ninayoitolea maoni.

Alianza na kapsuli ya miligramu 1 asubuhi na nyingine usiku. Siku chache baadaye damu ilionyesha nanogramu 3 tu kwa mililita, ilhali daktari alitaka ziwe kati ya 5 na 10, kwa hiyo akaongeza nusu miligramu katika kila dozi na kiwango kikapanda hadi 6. Nilipouliza kwa nini uzito pekee hautoshi kupangia dozi, alinieleza kwamba watoto huimaliza dawa hii mwilini haraka kuliko watu wazima, na kwamba Waafrika wengi tuna aina ya jeni ya CYP3A5 inayoivunja upesi zaidi. Kwa waliopandikizwa figo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2015 unashauri mwenye jeni hiyo aanzishiwe dozi kubwa mara 1.5 hadi 2 ya kawaida. Kliniki yetu haipimi jeni. Inafidia upungufu huo kwa kupima damu mapema, na kwa maoni yangu, kwa mtoto ambaye tayari yuko kwenye dawa, inatosha.

Ubora wa huduma hii niliuona siku ilipokaribia kuharibika. Damu inapaswa kutolewa saa kumi na mbili baada ya dozi ya usiku, kabla ya dozi ya asubuhi kumezwa, lakini siku hiyo foleni ya maabara ilikuwa ndefu, nami kwa kuogopa kuchelewesha dawa nikampa kapsuli zake saa mbili na nusu. Damu ikatolewa saa nne, katika kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na majibu yakaja 17, kwa kuwa dawa ya asubuhi ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Anayesoma namba hiyo peke yake angepunguza dozi papo hapo, na baada ya wiki chache protini ingerudi kwenye mkojo na macho ya mtoto yangevimba upya. Muuguzi hakuanza na namba. Alifungua daftari letu na kuuliza, “Mama, siku ile alimeza saa ngapi?” Nilipomjibu, alikifuta kipimo kile na kutupangia kingine; kilisoma 7.

Wanauliza pia mambo ambayo kwingine hatukuwahi kuulizwa: kama mtoto ameharisha, kama amepewa dukani antibiotiki ya erithromaisini, kama nyumbani kuna balungi, kwa kuwa yote hayo huweza kupandisha kiwango. (Lilikuwapo, na babu yake alinung'unika lilipoondolewa.)

Kasoro ni mbili. Sampuli hupelekwa maabara nyingine na majibu huchukua siku nne, muda mrefu mno kwa mtoto ambaye mikono imeanza kutetemeka. Tena dirisha la kutolea damu hufunguliwa saa tatu, kana kwamba aliyepanga ratiba hakuzungumza na aliyepanga dozi. Bima yetu nayo haigharamii kipimo hiki, ingawa hilo siwalaumu wao.

Mpaka watakapofungua mapema, tunafuata ushauri wa daktari wa kusogeza dozi ya usiku wa kuamkia kipimo hadi saa tatu, na kapsuli za asubuhi husafiri nami mkobani pamoja na chupa ya uji, ambayo mwanangu haruhusiwi kuigusa mpaka sindano ichomolewe.