Kifuko cha kupimia tansiyo (shinikizo la damu) cha wanafunzi wa medisini Bukavu: saa nzuri, brasari ndogo

Kile kifuko cheusi chenye zipu kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali Bukavu, ndani mna saa ya sindano inayoonyesha namba, brasari (kitambaa cha kufunga mkononi), kipira cha kupulizia hewa na steto ya kusikilizia, ndicho wanafunzi wengi wa medisini hununua kabla ya staji (mazoezi ya hospitalini) ya kwanza. Bei inavutia, na kwa mazoezi ya darasani kinatosha. Siku wanafunzi wanapoketi chini ya hema, parokiani au karibu na soko la Kadutu, kupima watu bure, ndipo kinapoanza kudanganya.

Kasoro kubwa ni brasari. Inakuja moja tu, ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, wakati mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa kuzunguka walau asilimia 80 ya mkono. Mama anayepanda vilima vya mji huu na gunia la makaa mgongoni ana mkono ulioshiba. Ukimfunga brasari hiyo, velkro inashika ncha tu, na namba inatoka juu kuliko ilivyo. Anarudi nyumbani ameshaambiwa ana presha, kumbe ni kitambaa kifupi. Nunua brasari kubwa papo hapo, na uangalie mirija: ya mrija mmoja haiingii kwenye saa ya mirija miwili bila kiungio.

Saa yenyewe ni nzuri, mradi uichague. Vali, yaani skrubu ya kuachia hewa, ikiwa wazi, sindano lazima ilale kwenye sifuri. Kuna wauzaji husema imepotoka kwa sababu Bukavu iko juu, mita 1,500 hivi. Si kweli: vali ikiwa wazi hewa ya ndani na ya nje ni ileile, hapa au pwani. Sindano iliyopotoka mara nyingi imeangushwa. Epuka pia saa yenye kijipini kinachozuia sindano kushuka chini ya sifuri. Hakitengenezi kitu, kinaficha ubovu.

Kabla ya kulipa, zungushia brasari chupa ngumu, funga vali, puliza hadi milimita 200 za zebaki, ngoja dakika moja. Isishuke zaidi ya 4. Ikishuka, maji ya sabuni kwenye viungio yataonyesha povu. Mara nyingi ni mrija uliolegea kwenye shingo ya kipira: kata nusu sentimita ya ncha, urudishe kwa nguvu. Povu likitoka kwenye mshono wa mfuko, dai pesa yako.

Vali ni ya hivi hivi. Inatakiwa ishushe milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde. Hii inakwama, halafu inaachia 10 kwa mpigo, na sauti ya kwanza ya mapigo, ile inayokupa namba ya juu, inapita hapo katikati. Vumbi likijaa, lisafishe kwa mswaki mkavu. Usitie mafuta, yanaharibu mpira.

Steto inasikilizisha tansiyo, basi. Kwa mnung'uniko wa moyo (sauti isiyo ya kawaida kati ya mapigo) azima nyingine. Ila wengi wanaolalamika kwamba haisikiki wameivaa kinyume: vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua. Kichwa cha steto nacho huzunguka, kwa hiyo gonga utando kwa kidole kwanza ujue uko wazi.

Mezani, anayepimwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo. Aliyetoka kutua mzigo aongezewe muda. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, puliza hadi yapotee, ongeza 30. Wanaoruka hatua hii huangukia kimya cha katikati, pale sauti zinapopotea kisha kurudi, wakaandika 150 kwa mtu wa 190. Anayepata 140/90 au zaidi apimwe tena baada ya dakika moja au mbili. Ikibaki hivyo apewe karatasi ya kituo cha afya, asitajiwe ugonjwa mbele ya foleni.

Na sweta livuliwe, lisikunjwe. Likikunjwa linabana mkono juu ya brasari, na sufu yake ndiyo inayojaa kwenye velkro mpaka ifumuke yenyewe kwenye 160.