Glavu za Kuoshea Madirisha Kwenye Baridi: Kagua Mdomo Kabla ya Unene

Anayeosha madirisha hufanya kazi mikono ikiwa juu, na hapo ndipo glavu nyingi nzuri hushindwa. Maji huteremka kwenye mpini, yakapita juu ya vidole, yakafika kifundo cha mkono, kisha yakatafuta njia ya kwenda kwapani. Glavu iliyoandikwa kwamba haipitishi maji inaweza kulowa chapachapa ndani ya robo saa ilhali haina hata tundu la sindano. Maji yamepitia mdomoni, yaani pale mkono unapoingilia.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza bitana kuona ni nene kiasi gani, vaa glavu, inua mkono, utazame mdomo wake. Unaotakiwa ufike angalau sentimita 10 kupita kifundo cha mkono, uwe laini, usio na mikunjo. Mdomo wa kufumwa kama wa soksi, hata ukibana vizuri, ni utambi: unanyonya maji ya nje na kuyapeleka ndani taratibu. Mkanda wa kunata nao una ila yake, maana ukikazwa hukunja kitambaa, na kila mkunjo ni mfereji.

Kanuni ya kuvaa ni ile ya kuezeka paa: kipande cha juu kimwage maji juu ya kipande cha chini. Mikono ikiwa juu, glavu ndiyo ya juu, basi ivaliwe nje ya mkono wa koti. Mikono ikiwa chini, kama kwenye madirisha ya usawa wa kifua au kuchovya kwenye ndoo, mambo hugeuka na mkono wa koti ndio ufunike glavu. Anayetumia fimbo ndefu ya kuoshea madirisha ya juu kutwa nzima anaweza pia kukunja mdomo wa glavu kwa nje, kama sentimita 3. Mkunjo huo hugeuka birika dogo linalokinga matone. Kila baada ya dakika chache shusha mkono, yamwagike.

Sasa aina zenyewe.

Kwa kazi ya fimbo ndefu, neoprini ndiyo chaguo la kwanza. Ni sponji ya mpira yenye viputo vilivyofungwa, kila kimoja peke yake, na gesi iliyomo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Ndiyo maana glavu hii huendelea kuupa mkono joto hata ikiingiwa na maji kidogo, jambo ambalo bitana ya pamba haiwezi. Huuzwa kwa unene wa milimita 2, 3 na 5. Ya 3 ndiyo inayofaa wengi. Ya 5 ina joto zaidi, lakini kidole hakisikii tena komeo la kufungia vipande vya fimbo, na kiganja hulazimika kukaba kwa nguvu mpaka mkono unachoka kabla ya saa sita.

Kwenye neoprini, kagua mshono. Igeuze ndani nje. Ukiona uzi umetokeza pande zote mbili, sindano imepita moja kwa moja na kila tundu litavuja. Mshono mzuri umegundishwa kwanza, halafu ukashonwa kwa sindano inayoingia nusu ya unene na kutokea upande uleule. Vidole viwe vimepinda tangu kiwandani. Vilivyonyooka hupigana na mkono kila unapokamata mpini. Tazama pia uso wa nje. Uliofunikwa kitambaa ni imara, ila kitambaa kinashika maji, na upepo ukiyakausha huondoka na joto la mkono. Uso laini wa mpira mtupu hauna tatizo hilo, lakini ukucha au ncha ya fremu unaweza kuupasua. Penye upepo mkali, chukua laini na ukubali kwamba haitadumu.

Kwa kazi ya karibu, yaani sponji, kifutio cha mpira na kitambaa cha kumalizia, neoprini ni nzito mno. Hapa inashinda glavu iliyofumwa kwa akriliki yenye manyoya ndani na kuchovywa nitrili (aina ya mpira) mara mbili: mara ya kwanza glavu nzima, mara ya pili kiganja peke yake kwa umbile la mchangamchanga. Huo mchovyo wa kwanza ndio unaozuia maji, ule wa pili unashika mpini wenye sabuni. Wauzaji wengi huweka kando yake zile zilizochovywa kiganja tu, mgongo ukiwa wazi, na kwa mbali zinafanana kama pacha. Geuza mkono: ukiona nyuzi upande wa nyuma, hizo ni za kubebea mizigo. Nyingi zina ule mdomo wa kufumwa nilioutaja, basi tafuta yenye mdomo wa mpira hata kama itabidi kuagiza.

Glavu ndefu za PVC (plastiki) zinafaa kuchovya ndoo, na kwangu zinaishia hapo. Baridi huzifanya ngumu, na bitana yake mara nyingi haikushikizwa: ukivua mkono wenye unyevu, vidole vya bitana hutoka pamoja nao, na kuvirudisha ni adhabu. Za kuteleza kwenye theluji, zenye utando unaopitisha mvuke, zisikuvutie. Kitambaa chake cha nje hakikutengenezwa kwa maji yasiyokoma. Kikishiba, mvuke wa jasho haupati pa kutokea, na mkono unakaa ndani ya tambara la baridi.

Jasho ni mlango wa pili wa maji. Glavu isiyopitisha maji haipitishi jasho pia, na mara nyingi kinachodhaniwa ni kuvuja ni jasho la saa mbili. Dawa yake ni glavu nyembamba ya sufu ndani, ibadilishwe katikati ya siku. Wanaotumia neoprini huvaa kwanza glavu nyembamba za nitrili za kutupa, ili jasho lisilowanishe neoprini yenyewe. Zote mbili zinahitaji nafasi, kwa hiyo pima glavu ukiwa umevaa za ndani. Kwa vipimo vya Ulaya, saizi 8 ni kiganja chenye mzingo wa milimita 203, saizi 9 ni 229, na saizi 10 ni 254. Inayobana hukandamiza bitana na kuzuia damu, na vidole hufa ganzi haraka kuliko vya aliyevaa glavu nyembamba iliyomkaa vizuri.

Kwenye lebo tafuta alama ya theluji na EN 511, kiwango cha Ulaya cha glavu za baridi, yenye tarakimu tatu. Ya kwanza ni baridi ya hewa, 0 hadi 4. Ya pili ni baridi ya kugusa, nayo 0 hadi 4. Anayeshika fimbo ya alumini aitazame hiyo. Ya tatu ni maji: 1 imefaulu, 0 haikufaulu, na X haikupimwa. Usisahau kwamba hata 1 haikuambii lolote kuhusu maji yanayoingilia mdomoni.

Ukifika nayo nyumbani, ijaribu. Weka karatasi ya shashi kavu kwenye kila kidole, zamisha glavu kwenye ndoo ya maji vidole vikitangulia, mdomo ubaki juu, uibane kwa dakika 10. Karatasi iliyolowa inaonyesha kidole chenye kasoro, na iliyo kavu kote inakuruhusu kuitoa lebo. Rudia kila baada ya wiki kadhaa. Gumba na kidole cha shahada hutangulia kuchakaa, kwa sababu ndivyo vinavyokaza mpini.

Jioni, suuza kwa maji safi, maana sabuni iliyokauka ndani huwasha ngozi. Anayetia spiriti kwenye maji ili yasigande kwenye kioo asuuze kwa makini zaidi. Geuza ndani nje, itundike vidole vikiwa juu penye hewa. Usiiweke juu ya hita: gundi ya mshono hulegea, na tarakimu 1 ya lebo inakwisha kazi. Kukauka kote huchukua zaidi ya usiku mmoja kwa neoprini nene, ndiyo sababu jozi mbili za bei ya wastani zinafaa kuliko jozi moja ya bei ya juu.