Crodino, Sanbittèr na wenzake: ununue ipi kama hutumii pombe?

Kama uko Italia na hutumii pombe, unaijua ile saa ya jioni kabla ya msosi, kila mtu mezani ana glasi ya kitu chenye rangi yake afu wewe unaulizwa koka au maji. Waitaliano wenyewe wana dawa ya hilo tangu zamani, vinywaji vichungu vyenye gesi, havina pombe, kwenye vichupa vya mililita 100. Baa sema tu analcolico (yaani bila pombe), wanakuelewa.

Namba moja kwangu ni Crodino, na wala sibishani. Inatoka Crodo, kijiji cha milimani huko Piemonte, kaskazini mwa Italia, siku hizi ni mali ya kampuni ya vinywaji ya Campari. Rangi ya chungwa iliyoiva, unaanza na utamu, maganda ya chungwa, afu kwa nyuma inakuja karafuu na iliki (zimo kweli humo ndani, mtu wa pwani atazitambua bila kuambiwa), ndo uchungu unafuata na unabaki ulimini muda mrefu. Anayeanza aanzie hapa. Ila sukari ipo ya kutosha, mwenye kisukari asome lebo kwanza.

Ya pili Sanbittèr ile nyekundu, ya kampuni ya Sanpellegrino. Hii ni kali zaidi na kavu zaidi, kama we ni mtu wa kahawa chungu bila sukari utaipenda kuliko Crodino.

Gingerino ya Recoaro naiweka ya tatu, laini, haina makuu, kule mkoa wa Veneto utaikuta sana.

Martini Vibrante ni habari nyingine, chupa kubwa, unachanganya mwenyewe na toniki, na harufu yake ya bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) ni nzuri mno. Lakini jamani hiyo imetengenezwa kwa divai iliyotolewa pombe, na kale kachembe kanabaki, mpaka asilimia 0.5. Kama unaacha pombe kwa ajili ya dini hiyo iruke kabisa, ndo maana nimeiweka mwisho japo kwa ladha ingepanda juu.

Na hapa naomba usome vizuri: kuna kichupa kingine chekundu, kidogo vilevile, umbo kama faneli iliyogeuzwa, kinaitwa Campari Soda. Kile ni POMBE, asilimia 10, na supamaketi unaweza kukikuta jirani tu na hivi vingine. Usichukue kwa rangi, tafuta neno analcolico kwenye lebo. Hapohapo angalia na E120, ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu, wengine hawaitaki.

Kunywa kwake: ipoe sana, glasi pana, barafu kubwa kubwa, kipande cha chungwa, zeituni na karanga pembeni. Usiongeze soda wala juisi kwenye Crodino, utaua ule uchungu wa mwisho ambao ndo umeulipia.