Miaka sita na gia za umeme: barabarani hazijaniangusha, ndani ya boksi ndiko zilikoumia

Nilipoondoa gia za waya kwenye baiskeli yangu na kuweka Ultegra Di2 ya gia 11, mfumo wa Shimano wa gia za umeme, toleo lililotoka 2017, wenzangu wa kuendesha waliniuliza swali moja: ikinyesha je? Sikuwa na jibu. Mimi nilifuata wepesi wa swichi tu, maana kifundo cha mkono wangu wa kulia kiliwahi kuvunjika na kusukuma gia za kawaida kwa saa nne au tano kulikuwa kunaniumiza.

Sasa mwaka wa sita umetimia na jibu ninalo. Mvua imenyesha sana. Nimepita kwenye matope yaliyofunika nzima deraila, ule mkono unaohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, na vumbi ambalo ukifika nyumbani unalikuta hadi ndani ya soksi. Mota ya nyuma ni ileile niliyoanza nayo, na ya mbele vilevile. Nyaya ni zilezile isipokuwa mmoja, nitakaoueleza. Vilivyochakaa ni vile vinavyochakaa kwenye baiskeli yoyote: minyororo, kaseti (lile fungu la gia za gurudumu la nyuma), na vile vigurudumu viwili vidogo vya deraila ambavyo mnyororo hupitia.

Ukifikiri vizuri si ajabu. Gia ya kawaida inategemea waya wa chuma unaovutwa ndani ya ganda lake. Waya hulegea, uchafu huingia kwenye ganda, na nyuzi hukatika mojamoja ndani ya swichi usipoziona mpaka siku gia inapogoma kabisa. Kwenye umeme hakuna kinachovutwa. Unabonyeza, ishara inapita, mota inasogea hatua ileile iliyosogea jana. Tangu fundi aipange mara ya kwanza nimeirekebisha mara chache sana, na karibu kila mara ni baada ya kubadilisha kaseti au gurudumu. Kuosha naosha kwa ndoo, sponji na maji ya kumwaga. Mashine ya maji ya nguvu siisogezi karibu na viungo vya nyaya.

Betri nayo haijanisumbua nikiiangalia. Nabonyeza kitufe cha kisanduku kidogo kinachounganisha nyaya, taa inawaka. Kijani isiyopepesa, imejaa. Kijani inayopepesa, imebaki nusu hivi. Nyekundu, tafuta chaja. Ikikaribia kuisha kabisa, gia za mbele ndizo huacha kwanza, za nyuma zinaendelea kwa muda ili ufike nyumbani.

Matatizo yangu yote makubwa yametokea baiskeli ikiwa haiendeshwi. Inasafirishwa.

La kwanza lilikuwa safari ya ndege. Nililaza usukani ubavuni mwa fremu, nikajaza sponji kila pembe, nikaona nimefunga vizuri. Kumbe kipande kimoja cha sponji kilikuwa kimekandamiza swichi ya kulia, na ikakaa imebonyezwa hivyo safari nzima. Nilipofungua boksi usiku ule, deraila ilikuwa imesimama kwenye gia ya mwisho na haikuitika. Nilibonyeza kitufe cha kukagua betri: hakuna taa hata moja. Ilikuwa imejaa nilipoondoka. Chaja nilikuwa nimeiacha nyumbani, na asubuhi yake ndiyo iliyokuwa siku ya kuendesha. Niliendesha kilomita 90 kwa gia moja nyepesi, miguu ikizunguka kama cherehani kila palipokuwa tambarare.

La pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. Kule kwenye fremu deraila ya nyuma inaposhikizwa pana kipande kidogo cha aluminiamu, kimetoka kama sikio. Kimetengenezwa laini makusudi, ili baiskeli ikigongwa kipinde chenyewe kabla fremu haijapasuka. Baiskeli yangu ilisafiri kwenye buti ya basi ikiwa imelazwa upande wa kulia chini ya mizigo ya watu wengine. Nilipoitoa kila kitu kiliitika, taa ya kijani, mota inalia vizuri. Lakini kwenye gia mbili za katikati ya kaseti mnyororo ulikuwa unasema tik-tik-tik bila kutulia. Nikarekebisha kidogo kwa swichi, hizo mbili zikanyamaza, zikaanza nyingine.

Nilichuchumaa nyuma ya gurudumu, nikafumba jicho moja, nikalinganisha ukingo wa deraila na mstari wa kaseti. Sehemu ya chini ilikuwa imeingia ndani kuelekea spoki, labda kwa upana wa kidole. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ninalotaka kila mwenye gia hizi alijue: mota haijui kwamba sikio limepinda. Inasogea pale ilipofundishwa kusogea, kwa nguvu ileile, na ukiomba gia kubwa kabisa ya nyuma itakwenda, hata kama safari hii pale pana spoki. Ningepanda mlima bila kuangalia, pengine ningepoteza deraila, gurudumu na fremu kwa mkupuo mmoja.

La tatu ndilo la waya. Nilitaka kushusha nguzo ya kiti, nikasahau kwamba betri imo ndani yake. Nikavuta, waya ukaharibika. Hivi viunganishi havikuumbwa kuvutwa kwa vidole. Kuna kikwanyuo kidogo cha plastiki, TL-EW02, kazi yake ni hiyo tu, kuchomoa na kuchomeka mpaka usikie mlio wa kujifunga. Sasa kimefungwa kwa uzi kwenye begi la vifaa.

Baada ya hayo nimebadilisha kabisa namna ya kufunga. Kwanza, baiskeli ikiwa bado imesimama, naweka gia kubwa kabisa ya nyuma ili deraila ijikunje ndani. Kisha natenganisha betri na mfumo. Hii ndiyo hatua nisiyoiruka hata safari iwe ya saa moja, kwa sababu mfumo usio na umeme hauwezi kuamshwa na sponji wala mzigo wa mtu.

Halafu naifungua deraila yenyewe kutoka kwenye sikio, kwa spana ya pembe sita ya milimita 5. Ni skrubu moja. Siiachi mahali pake nikitumaini boksi litailinda, kwa sababu ikigongwa ikiwa imefungwa, nguvu yote inaishia kwenye sikio. Naifunga kwa kitambaa kizito pamoja na kipande cha mnyororo, naikalisha ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, naibana kwa tai mbili za plastiki. Waya nauacha na nafasi ya kupinda taratibu, usikunjwe kwenye kona kali. Gurudumu likitoka naweka kizuizi katikati ya miguu ya fremu isibanwe, na kipande cha plastiki kati ya pedi za breki za diski. Kuirudisha deraila, nakaza kwa spana ya kipimo, kati ya 8 na 10 Nm.

Rafiki yangu anatumia SRAM AXS isiyo na nyaya, na kwake kazi ni nyepesi: kila deraila ina betri yake, anazibandua na kuvalisha vifuniko vya plastiki. Asizibandue, mtikisiko wa gari unaziamsha mara kwa mara na zinajimaliza njiani. Swichi zake zina betri za duara za CR2032, kwa hiyo hata hizo huhakikisha hazijakandamizwa.

Kwa ndege, betri ya akiba hukaa kwenye begi la mkononi, miguso yake imezibwa. Ukubwa si tatizo: kikomo cha kawaida ni Wh (saa-wati) 100, na hii ya Di2 haifiki hata Wh 4.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu nimeshaona mtu akitaka kununua deraila mpya bure. Di2 ya nyuma ikigongwa kwa nguvu hujitenga na mota yake ili isivunjike. Taa inawaka, gia hazisogei. Shikilia kitufe kilekile cha kisanduku cha nyaya sekunde 5 au zaidi mpaka taa nyekundu iwake, achia, zungusha pedali. Itapita gia zake na kurudi kazini. Ikisharudi, kagua sikio kwanza. Sikio la akiba huwa nimelifunga kwa gundi ya karatasi chini ya kiti, na nililijaribu kwenye fremu kabla ya kulihifadhi, kwa sababu kila fremu ina umbo lake na la jirani halitakufaa, isipokuwa fremu zenu zote mbili ziwe zimetengenezwa kwa kipimo cha UDH, yaani sikio la aina moja linaloingia kwenye fremu za chapa tofauti.