Duka la spea za elektroniki karibu na Old Taxi Park, Kampala: mmenifurahisha sana

Jamani hapa ni padogo tu lakini mwenyewe anajua kazi. Nilienda kutafuta daiodi 1N4148, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, za kutengeneza klipa, yaani saketi ya kukata vichwa vya wimbi la umeme, nikapata kumi kwa bei poa na kila moja akaipima na mita mbele yangu, hilo peke yake lilinirudishia imani maana kwingine nishauziwa mbovu.

Nyumbani nikachukua transfoma ya volti 9, kilele cha wimbi lake kinafika kama volti 12.7, nikapitisha kwenye resista ya kupunguza mkondo kisha daiodi mbili zikitazamana kinyume kwenda athi. Kwenye osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha wimbi kwenye skrini, wimbi lenye vichwa vya mviringo likawa bapa juu na chini, limekatwa kwenye volti 0.7 hivi kila upande, yaani karibu mraba kabisa, nilikaa naliangalia tu! Ukitoa daiodi moja unakata upande mmoja tu. Nikaweka LED (daiodi za kutoa mwanga) nyekundu mbili badala yake, kikomo kikapanda mpaka karibu volti 1.8.

Kasoro moja, resista niliyopewa ilikuwa ya omu 100 si ya kilo-omu 1 niliyoomba, ikawa moto hadi haishikiki, nikaizima haraka. Niliporudi akasema "pole sana kaka" akanibadilishia bila maneno. Daiodi za jemaniamu hana, zile zinazokata mapema kwenye volti 0.3 hivi. Ila mimi nitarudi, wiki ijayo nataka kuijaribu hii klipa na gita la kanisani, sauti ikwaruze kidogo.